Sura Isiyo na Uso: Kuwasawiri Watukufu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: Waislamu wa pwani ya Malindi na Kilifi, tangu karne za kati, waliwasawiri vipi watukufu wa dini yao, yaani Mtume Muhammad (S.A.W.), manabii waliomtangulia, aali na masahaba zake, pamoja na mashekhe waliozikwa papa hapa pwani? Eneo tunalolizungumzia laanzia Mnarani, kusini ya hori ya Kilifi, likapita Gedi na Malindi hadi kufika Mambrui kwa upande wa kaskazini.

Swali hili si la mambo ya kale peke yake. Mwaka 2020 UNESCO iliitia sanaa ya picha ndogo za vitabuni, kwa jina la Azabajani, Iran, Uturuki na Uzbekistani, katika orodha yake ya urithi usioshikika. Sanaa hiyo ya karne za kati imefufuliwa, ina walimu na wanafunzi, na sehemu yake moja mashuhuri ni ile iliyowachora manabii na mawalii. Mwaka 2024 mji wa Gedi nao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu akiziweka orodha hizi mbili pamoja, ni rahisi kwake kutoa rai kwamba na sisi tufanye kama wenzetu: tuchukue kalamu na rangi za Herat na Tabriz, tuwachore watukufu wanaotajwa katika tenzi zetu, tuvipambe vitabu vya shule kwa picha hizo, kisha tuseme kwamba tumefufua sanaa ya Kiislamu.

Hoja yetu ni kwamba rai hiyo, hata ikitolewa kwa nia njema, inafufua mali ya watu wengine na kuiacha ya kwetu ikifa. Watu wa pwani hii walikuwa na ufundi wao wa karne za kati wa kumsawiri mtukufu. Ufundi huo ulitumia tumbawe, chokaa, sini, wino na, zaidi ya vyote, maneno. Haukuchora uso. Wala haukuacha kuuchora kwa sababu ya ujinga, kama tutakavyoonyesha, bali kwa hiari iliyofikiriwa.

2. Picha zilizofika Malindi

Yafaa tuanze kwa kuondoa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba Waislamu hawakupata kamwe kumchora Mtume. Hilo si kweli. Katika Tabriz, mwanzoni mwa karne ya 14, waziri Rashid al-Din alisimamia utungaji wa historia kubwa ya walimwengu, Jami al-Tawarikh, na nakala yake ya Kiarabu ya mwaka 1314 ina picha za maisha ya Mtume. Huko Herat, yapata mwaka 1436, kilitengenezwa kitabu cha Miraji ambacho leo kimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Ndani yake Mtume anaonekana amempanda Buraki, amezungukwa na ndimi za moto wa dhahabu. Huko Istanbul, mwaka 1595, sira ya Mtume ilipambwa kwa mamia ya picha kwa ajili ya Sultani Murad wa Tatu, na humo uso wa Mtume umefunikwa kwa shela nyeupe. Kwa hiyo hata ndani ya sanaa hiyo uso ulizidi kufichwa kadiri miaka ilivyopita.

Dhana ya pili ni kwamba watu wa pwani yetu hawakuchora kwa kuwa hawakupata kuona picha. Hili nalo laweza kukanushwa kwa ushahidi wa Malindi yenyewe. Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya mwezi wa Aprili 1498. Kumbukumbu ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia wake, yasimulia kwamba bandarini mlikuwa na merikebu nne za Wahindi ambao Wareno waliwadhania kuwa Wakristo. Wahindi hao walipopanda chombo cha Paulo da Gama, ndugu yake Vasco, walionyeshwa picha ya altare: Mariamu chini ya msalaba, amempakata Yesu, na mitume wamemzunguka. Wahindi wale walisujudu mbele yake, na kwa muda wote Wareno walipokuwa bandarini waliendelea kuja kusali mbele ya picha hiyo, wakileta karafuu na pilipili manga. Siku chache kabla ya hapo, huko Mombasa, wafanyabiashara wawili waliwaonyesha wajumbe wa Wareno karatasi waliyokuwa wakiiabudu, imechorwa kitu ambacho Wareno walikichukua kuwa ni Roho Mtakatifu. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba watu hao walikuwa Wahindu, wakiona katika picha ya wageni miungu ya kwao.

Kwetu sisi jambo kubwa si kosa hilo la Wareno. Jambo kubwa ni kwamba katika bandari za Malindi na Mombasa mwaka 1498 mlikuwamo picha za watukufu, za karatasi na za ubao, na watu waliozisujudia. Waswahili walifanya biashara na watu hao kila msimu wa kaskazi. Baadaye Wareno walijenga kanisa dogo papo hapo Malindi, na katika Ngome ya Yesu, Mombasa, askari wao walichora ukutani merikebu, makanisa na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Picha, basi, zilijulikana. Aliyeishi karibu nazo kwa vizazi vingi asizifuate, huyo ameamua.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na msingi wa elimu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, na Imamu Nawawi, mmojawapo wa mafakihi wakubwa wa madhehebu hayo, aliyefariki mwaka 1277, alikuwa mkali sana katika kukataza kuchora viumbe wenye roho. Qurani yenyewe haina aya inayokataza picha kwa jina. Katazo limejengwa juu ya hadithi zinazowalaumu wenye kutengeneza sura. Mwanachuoni wa Tabriz na mwanachuoni wa pwani walisoma hadithi zilezile, lakini kila mmoja akaishi katika mji wake.

3. Neno "kuchora" na jamaa zake

Sisi wanalugha tuna ushahidi wetu, nao umo katika msamiati. Tuyatazame maneno manne: sanamu, sura, nakshi na kuchora.

"Sanamu" limetokana na Kiarabu, na huko maana yake ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Katika Kiswahili neno hili lilipanuka likawa na maana ya mfano wa kiumbe wa aina yoyote, uwe wa kuchongwa ama wa kuchorwa, mpaka neno "picha" la Kiingereza lilipokuja likachukua sehemu ya kazi yake. Hata hivyo harufu ya asili haikutoka. Mzee wa Malindi akisikia "sanamu ya Mtume", lugha imekwisha kutoa hukumu kabla hata hajaiona picha yenyewe. Akisikia "sifa za Mtume", hapana kinachomshtua.

"Sura" nalo lina njia mbili: ni uso wa mtu, na ni umbo la kitu. Kutokana na mzizi huohuo tumepata "kusawiri" na "taswira", ambayo leo tunayatumia zaidi kwa mambo ya fasihi kuliko ya rangi. Mhakiki husema kwamba mtunzi amemsawiri mhusika, na haimpitikii mtu kwamba kulikuwa na brashi. Tena Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Msanii anayedai kazi hiyo anajua ni ya nani.

"Nakshi" ni pambo lisilo na kiumbe: majani, mafundo, pembe, mawimbi. Na "kuchora", neno letu la Kibantu, halikuwa na asili ya rangi hata kidogo. Kuchora ni kukwaruza, kutia alama kwa ncha kali juu ya ubao, chokaa au ngozi, na ndiyo maana mpaka leo twaweza kusema kwamba fundi amechora mlango, na bibi harusi amechorwa piko. Mchoro wa Mswahili ulianza kwa ncha. Anayetaka kufufua uchoraji wa karne za kati katika pwani hii lazima aanzie kwenye ncha hiyo.

4. Tumbawe, chokaa na sini

Ncha hiyo ilifanya kazi juu ya jiwe. Mafundi walikuwa na namna mbili za mawe. Kuta zilijengwa kwa jiwe gumu la mwamba. Lakini kibla, miimo ya milango na maandishi vilikatwa katika tumbawe laini lililotolewa baharini. Tumbawe hilo likiwa bado bichi hukatika kwa urahisi. Likikaa hewani huwa gumu. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda maalumu wa kukata nakshi zake, na mkono uliochelewa ulipoteza jiwe. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya chungu la magogo, kisha ikaachwa inyeshewe na kuiva kwa miezi mingi kabla ya kupakwa.

Kazi za mafundi hao bado zaonekana. Mnarani, msikiti mkubwa uliochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950 una kibla kilichojazwa maandishi ya kukatwa katika tumbawe. Gedi, ambako Kirkman huyohuyo alifanya kazi tangu mwaka 1948, kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399, na msikiti mkubwa ambao juu ya mlango wake mmoja pamechongwa ubapa wa mkuki. Mkuki ule watosha kutufundisha kanuni ya sanaa hii. Fundi alitaka kuonyesha enzi, akaonyesha chombo cha mwenye enzi, mwenyewe akamwacha nje. Kanuni hiyohiyo twaiona Malindi mwaka 1498, pale mfalme alipokwenda kukutana na Wareno akiwa chini ya mwavuli, na mbele yake siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu na zimejaa nakshi.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni kaburi la mnara. Makaburi ya namna hii yamo Mnarani, ambako yameupa mji jina lake, yamo Gedi, yamo Malindi kando ya Msikiti wa Ijumaa, na yamo Mambrui. Juu ya kaburi la mtu mwenye heshima husimamishwa nguzo ya mawe na chokaa, imepakwa ikang'aa, na mara nyingine hupachikwa bakuli za sini. Nguzo ile husimama wima mahali pa mtu aliyelala. Ina kimo, ina kichwa, ina pambo shingoni, lakini uso haina. Palipotakiwa uso pamewekwa bakuli ya Kichina iliyopata kupokea mwanga wa jua na kuurudisha. Mtazamaji hakuambiwa shekhe alifanana vipi. Aliambiwa kwamba hapa pana nuru.

Jirani zao Wamijikenda walifuata njia ya karibu. Wagiriama, Wachonyi na Wakauma humkumbuka mzee wa chama cha Gohu kwa kigango, yaani ubao mrefu uliosimikwa wima, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichokatwa pembe tatu tatu na kutiwa rangi. Kigango ni mtu, na si picha ya mtu. Hatusemi hapa kwamba mnara umezaa kigango wala kwamba kigango kimezaa mnara. Twasema kwamba katika wilaya moja, watu wa dini mbili walikubaliana kuwa mtukufu husimamishwa, hupambwa, na wala hanakiliwi uso.

5. Wino na maneno

Karatasi ni dhaifu mbele ya unyevu na mchwa, kwa hiyo ili tuone kazi ya wino yatubidi tuelekee kaskazini, katika kisiwa cha Pate. Mji wa Siyu, katika karne za 18 na 19, ulikuwa na wanakili wa Qurani ambao walitumia karatasi iliyotoka Ulaya na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na rangi ya manjano. Nakshi zao pembezoni mwa kurasa ni jamaa ya nakshi za milango na za kibla: mafundo, majani, misuko. Hakuna kiumbe. Tenzi nazo ziliandikwa kwa namna ya kupendeza macho. Vipande vinne vya ubeti mara nyingi vilipangwa katika mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama ndogo, nyingi zao nyekundu, hata ukurasa mzima ukawa kama mkeka uliosukwa. Tunapowapa wanafunzi wetu utenzi huo katika herufi za Kirumi, vipande vinne vimepangwa kimoja chini ya kingine, tunawapa maneno na kuwanyima mkeka.

Hata hivyo taswira kubwa kuliko zote ilikuwa katika matamshi. Katika elimu ya Kiislamu iko fani ya shamaili, inayoeleza maumbile na mwenendo wa Mtume, na kitabu cha Imamu Tirmidhi ndicho mashuhuri zaidi katika fani hiyo. Waturuki waliichukua fani hii wakaifanya kazi ya kuandikwa na kutundikwa ukutani. Khatati Hafız Osman, aliyefariki mwaka 1698, aliupanga wasifu huo ndani ya duara, mtu akautazama pale ambapo Mkristo angetazama picha. Katika pwani yetu wasifu huo haukutundikwa ukutani. Ulisomwa. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18 na kuenea kote pwani, yana sehemu inayotaja kimo cha Mtume, rangi ya ngozi yake, macho, nyusi, paji, meno na muhuri wa utume baina ya mabega yake. Huko Malindi na Mambrui, kama kwingineko, msomaji hufika penye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote wakasimama, ubani ukafukizwa na marashi yakanyunyizwa. Kwa wakati huo mtukufu yupo machoni pa kila mmoja, na hakuna wawili waliomwona sawa.

Watunzi wa Kiswahili waliijenga taswira hiyo kwa njia yao. Hamziya ya al-Busiri, mtunzi wa Misri wa karne ya 13, ilitiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athumani wa Pate, na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliwaleta masahaba katika uwanja wa vita wakiwa na farasi, panga na ngao zao. Tukizisoma tungo hizi na nyingine za aina yake, twaona kwamba mtunzi humsawiri mtukufu kwa nuru yake, kwa tendo lake na kwa zana yake, mbele ya viungo vyake. Mkuki wa Gedi na bakuli ya Mambrui vimo humo, katika vina na mizani. Tukumbuke pia kwamba Al-Inkishafi, inapotaka kutuonyesha kutoweka kwa mabwana wa Pate, hututembeza katika vidaka vilivyokuwa na sini. Mwenye nyumba hatumwoni. Twaona mahali alipokuwapo.

6. Tufufue nini?

Turudi sasa kwenye rai tuliyoanza nayo. Wenye kuiunga mkono wanaweza kutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba neno si picha, na kwamba mtoto wa leo, aliyezoea kuona, hatashika utenzi asipoonyeshwa. Ya pili ni kwamba sanaa isiyojaribu jambo jipya hufa.

Kuhusu ya kwanza, twasema kwamba kuonyesha si lazima kuwe kuonyesha uso. Wafufuaji wakubwa wa sanaa ya Kiirani wenyewe wanalijua hilo. Mahmoud Farshchian wa Isfahan (1930-2025), aliyesifika kwa kuipa uhai mpya sanaa hiyo ya kale, alichora mwaka 1976 "Jioni ya Ashura", picha yake mashuhuri ya msiba wa Karbala. Tunachokiona ni farasi wa Husein aliyerudi peke yake na wanawake wanaomlilia. Mpandaji hayumo. Mwaka huohuo Moustapha Akkad alitoa filamu yake ya Ar-Risala, inayosimulia habari za Mtume pasipo kumwonyesha wala kusikika sauti yake. Basi kama aliye na haki zaidi ya kuchora uso ameona afadhali kuuacha, sisi tusio na desturi hiyo tutakuwa tunafufua nini?

Kuhusu ya pili, twakubali kwamba sanaa isiyosogea hufa. Lakini jambo jipya huota penye mzizi. Mchoraji wa Malindi anayetaka kuupamba Utendi wa Tambuka anaweza kuanzia na nakshi za kibla cha Mnarani, misuko ya kurasa za Siyu, wino mweusi na mwekundu, farasi aliye tayari pasipo mpandaji, mkuki juu ya mlango, bakuli iliyoshika mwanga. Hiyo ni kazi ya kutosha umri mzima, na hatamkera mzee yeyote msikitini. Tena atakuwa amefanya jambo ambalo Herat haikulifanya.

Hatari iliyopo ni kwamba vitu hivyo vinapungua. Katika makaburi mengi ya pwani bakuli zimekwisha kubanduliwa, yamebaki matundu yake tu. Vigango vimeng'olewa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilirudisha Kenya vigango 30, na kurudi kwao kulituonyesha ni vingapi vilikuwa vimekwenda. Tumbawe lililokatwa maandishi huliwa na hewa ya chumvi kila mwaka. Na anayeweza kusoma utenzi katika hati za Kiarabu, kwa mahadhi yake, hapatikani kila mtaa.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Waislamu wa pwani ya Malindi na Kilifi waliijua picha ya mtukufu, wakaiacha, na badala yake wakajenga sanaa yenye kanuni moja katika jiwe, wino na ulimi: mtukufu husawiriwa kwa mahali pake, zana yake, nuru yake na sifa zake. Kanuni hiyo haionekani na mtu anayetazama kuta peke yake, wala na anayesoma tenzi peke yake. Huonekana vitu hivyo viwili vikiwekwa pamoja, na kazi hiyo yahusu idara za lugha kama inavyohusu makumbusho.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la ushairi wa kale lifundishwe pamoja na hati zake, mwanafunzi aandike ubeti kwa herufi za Kiarabu kabla hajauchambua. Pili, msamiati wa mafundi wa jiwe, chokaa na nakshi ukusanywe katika miji ya Malindi, Mambrui na Kilifi maadamu wenye kuutumia wapo. Tatu, wachapishaji wa vitabu vya shule wanaotaka kuzipamba tenzi wawape kazi hiyo wachoraji waliokwenda kwanza Mnarani na Gedi. Sura isiyo na uso ina walimu wake, na walimu wenyewe ni mawe yale na tungo zile.